Koti la Majani Makavu

Goti lilinifia kwenye mteremko wa Mweka,
mwezi wa nne, matope, ngazi za mizizi,
kilo ishirini za hema la mtu mwingine kichwani.
Sikuanguka vibaya. Nilikaa tu chini
kama mtu anayesubiri chai,
wenzangu wakanipita wakisema pole, Ndetaulwa, pole pole,
nami sikujua kama ni rambirambi
au ni maelekezo.

Sasa nalinda usiku maktaba ya shule, huku Rau.
Rungu, tochi, redio isiyo na betri,
na vitabu elfu moja mia mbili na nne
ambavyo hakuna mwizi wa Moshi aliyewahi kuvitamani.
Bi Haikaeli, mwenye funguo, aliniambia wiki ya kwanza:
"Usiku ni mrefu, Baba Aikande.
Humo ndani mna watu. Wagongee."

Nilicheka. Mimi wa darasa la saba,
mimi ambaye karatasi pekee niliyoiheshimu
ni ile ya kupimia mizigo getini.

Lakini Juni ikaja na ukungu wake,
baridi ikapita chini ya mlango bila hodi.
Nikagonga.

Nilisoma kama tunavyopanda:
kidole mbele, mstari, pumziko,
mstari, maji kidogo,
nikirudi nyuma kila neno lilipokuwa na jiwe.

Kitabu cha mimea, jalada limeliwa na mende.
Ukurasa wa tisini na moja nikakutana na ninayemfahamu:
senesio, lile jitu la bonde la Barranco
lenye kichwa cha kabichi na shingo iliyovaa matambara.
Miaka kumi na tisa nimeliegemea,
nimeanika soksi ubavuni mwake,
nimejikinga upepo nyuma ya mgongo wake,
wala sikuwahi kuliuliza habari za nyumbani.

Kitabu kinasema kule juu
kila mchana ni kiangazi, kila usiku ni kipupwe.
Mti hauwezi kuhama.
Basi jua likizama hukunja majani yake machanga
kama ngumi ya mtoto iliyoshika shilingi,
asubuhi hukunjua.
Na yale majani yaliyokufa
hauyaangushi.
Unayavaa.
Ukiyachuna, maji yaliyo ndani ya shina huganda,
na mti hufa ukiwa umesimama.

Nilizima tochi hapo.

Kwa sababu kila mtu alikuwa ameniambia sahau.
Shemeji: sahau mlima, anza upya, fuga kuku.
Mchungaji naye: funga ukurasa ule.
Nikauza buti kwa kijana wa Kiboriloni,
nikageuza picha yetu ya Horombo ikatazama ukuta,
nikamkataza mke wangu kutaja majina ya kambi
kana kwamba ni majina ya wanawake.
Halafu nikashangaa
kwa nini natetemeka.

Asubuhi ile nilipiga magoti, goti moja na nusu,
nikavuta sanduku uvunguni.
Sweta ya kampuni, viwiko vimetoboka,
bado inanuka mafuta ya taa na supu ya tango.
Aikande akasimama mlangoni, mswaki mdomoni:
"Baba, unarudi mlimani?"
"Hapana," nikasema. "Nakwenda kazini."

Sijui kama hiyo ni hekima.
Inawezekana ilikuwa baridi tu.
Mlima wenyewe haujaonekana siku tisa,
na ngazi tatu za maktaba bado nazipanda kwa kuhesabu.

Usiku huu niko ukurasa wa tisini na tatu.
Lobelia. Yeye, wanasema, hulala na maji kifuani.
Namfahamu huyu pia, nimewahi kumkanyaga
nikitafuta kuni zisizoruhusiwa.
Samahani, bibi. Sikuwa nimesoma.

Saa moja na nusu.
Kule juu wanajikunja sasa, mmoja mmoja,
bonde zima, bila mtu wa kuwahimiza.
Navuta kola ya sweta hadi masikioni.
Mimi, kwa upande wangu, ndio nafungua.