Umeme wa Saa Tisa

Serikali huja saa tisa za usiku,
siku ikijisikia. Haipigi hodi.
Friji inakohoa, balbu ya korido inapepesa,
na jengo zima, hapa Ras an-Nabaa,
linaruka kitandani kama mdaiwa.

Nani alale? Mama anawasha mashine ya kufulia,
ghorofa ya pili Hagop anapiga pasi suruali yake moja,
juu yetu mtu anachaji simu, anachaji taa,
anachaji hata redio iliyokufa, huenda.
Mimi nakimbilia lifti,
maana huu ndio wakati wa Bi Nuhad.

Ghorofa ya saba. Miaka sabini na tisa.
Magoti yake yalijiuzulu kabla ya mawaziri.
Mchana, lifti ikiwa kabati tu lenye kioo,
yeye hushusha kikapu kwa kamba,
ndani mna karatasi: mkate mmoja, ndimu tatu,
mtindi, na msalimie mkeo.
Khodor wa duka hujaza, huandika daftarini,
huvuta kamba mara mbili.

Lakini saa tisa Bi Nuhad hutoka na koti la sufu,
rangi ya mdomo, viatu vyenye kisigino.
"Haraka, Rim, kabla hawajabadili mawazo."
Hujitengeneza nywele kiooni kama anakwenda harusini,
nasi twenda umbali wa maduka manne
na kurudi.

Alifundisha hesabu miaka thelathini na sita.
Akiba yake iko benki; huiona
kama samaki ndani ya barafu.
"Ukiwa na kumi," huniuliza,
"na mtu amekukataza kuzigusa, una ngapi?"
Mimi, aliyenifundisha kugawanya, hunyamaza.
Mwanawe Jawad yuko Abidjan, anauza matairi.
Hutuma dola mia, na picha za wajukuu
ambao hawajui kumwita bibi kwa Kiarabu.

Jana tulifika kona, penye ukuta
ambao matundu yake ya risasi
yamefunikwa na tangazo la maziwa ya unga.
Akaweka kiganja pale.
"Upande ule nilikuwa na rafiki," akasema.
Basi. Nikangoja iliyobaki,
mtaa ukazimika.

Ngazi mia moja na ishirini na sita.
Anazijua; alizihesabu akibeba maji, enzi za vita.
Akakaa kwenye kiti cha plastiki cha bawabu,
mkoba mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Akaja Abu Shafiq, mwenye jenereta,
tunayemlaani kila tarehe moja,
tochi kaing'ata kwa meno.
Akaja Hagop, suruali bado ina joto la pasi.
Na Tsehay wa ghorofa ya tano, msichana wa kazi kutoka Ethiopia,
ambaye pasipoti yake inalala kwenye droo ya bibi mwenye nyumba.
Hakuuliza kitu. Alishika mguu wa kiti, kushoto.
Wa nne ulikuwa wangu.

Ghorofa ya nne tukatua mzigo, tukihema.
Gizani sauti ya mwalimu ikauliza:
"Tsehay, jina lako lina maana gani?"
"Jua."
Miaka sita jengoni, na swali hilo halikuwahi kupanda ngazi.
Abu Shafiq akacheka hadi tochi ikamdondoka:
"Jua! Nasi tunahangaika na dizeli."

Juu, Bi Nuhad alitugawia ndimu, kila mtu moja.
Ndimu zilikuwa tatu. Abu Shafiq akasema hataki,
tarehe moja atadai kama kawaida.

Niliporudi, mashine ilikuwa imekufa na povu tumboni.
Tukakamua shuka kwa mikono, mama upande huu,
mimi upande ule, tukizungusha.

Ndipo nikasikia kutoka juu, ghorofa ya tano,
mtu anagonga mlango. Polepole.
Mara tatu. Kisha mara moja.
"Kaza," mama akasema, "maji bado yamo."
Nikakaza.