Thelathini na Saba kwa Tisa

Gerezani, saa nne, mabati yameshaanza kulia kwa jua.
Mwasomola kaleta Land Cruiser yake:
"Imelegea, Fundi Siwema. Mlima wa Pugu hainipandishi.
Gia ya tatu inakohoa, naomba ya pili kama naomba mkopo."

Naizunguka. Springi mpya, inchi mbili juu.
Matairi thelathini na tatu, matope ya Rufiji bado kwenye kashata zake,
na akikata kona yanalamba bodi.
Mguu wa tembo, nyonga ya mbuzi.

"Lakini injini ni ileile," ananiambia.
Ndiyo. Na mama yangu alikuwa yuleyule
siku tulipomtwisha ndoo ya pili.

Nafungua difu. Oili nzito, harufu ya yai viza.
Nahesabu meno kwa kidole, nakosea, naanza upya:
thelathini na saba, pinioni tisa.
Hesabu ya tairi dogo,
iliyosahauliwa siku ya kununua urefu.

Kimaro wa spea ananitafutia arobaini na tatu kwa tisa,
seti mbili. Difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana
zitagombana, na chuma kikigombana hakisuluhishwi.

Jumatano tunapanda Pugu.
Ya tatu. Haikohoi.
Mwasomola anacheka peke yake, anapiga usukani.

Mimi macho yangu yako kwenye mshale,
uliomdanganya miezi kwa upole.
Unasema sitini.
Kibao cha kilometa hadi kibao, natazama saa yangu:

dakika moja.