Mstari wa Nne

Saa tisa za usiku, Bondeni, mfereji wapiga chafya.
Kwanza hewa, kisha kutu, kisha hewa tena,
halafu, baada ya siku sita, maji.
Nimetega pipa, ndoo mbili, na sufuria la pilau
ambalo halijaona harusi tangu mwaka juzi.
Kutoka chini Bi Mwanamize aita: Yaja?
Yaja, nasema, lakini yajivuta.

Yajivuta hasa. Uzi mmoja, wima,
mtulivu kama kioo cha kandili,
hata huoni kama waenda.
Nafungua robo mzunguko: bado kioo.
Naongeza upana wa ukucha
na kioo chavurugika, chapiga kelele,
duara ndani ya duara ndani ya duara
mpaka udogo ambao jicho laacha kufuata.

Hapo. Hapo ndipo nilipokwama, mwaka wa kumi na moja huu.

Mchana nafundisha Tudor, chumba chenye feni moja nzima.
Naandika ubaoni mlinganyo wa maji,
mstari mmoja na nusu, ungeenea kiganjani:
kasi hapa, shinikizo hapa, na hapa mnato,
ule ukaidi wa maji kuachana na maji wenzake.
Nawaambia, huu hutumika kila siku,
kwa mabomba, kwa mabawa ya ndege zishukazo Port Reitz.
Ila hakuna mtu, popote, aliyethibitisha
kwamba ukianza na maji laini yasiyo na ila
hautayafikisha mahali
ambapo kasi yapanda, yapanda, ikakosa namba.
Wala hakuna aliyeonyesha kwamba utayafikisha.

Kadzo, ambaye babake husukuma mkokoteni wa madumu Kongowea,
akanyosha mkono:
Mwalimu, na maji yenyewe yanajua?
Darasa likacheka.
Mimi nilifuta ubao kabla ya wakati.

Mamangu, Mungu amrehemu, hakukubali fumbo lisilo na mizani.
Kwa hivyo nimeliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa choo:

    Maji hutoka tulivu, bombani yakateleza
    Ghafula yafanya wivu, mbio yakajiongeza
    Je, mbio hizi pumbavu, zina pa kujimaliza?

Mishororo mitatu. Wa nne, kituo, sina.
Nimeacha nafasi, na hapo mjukuu wa Bi Mwanamize
amechora samaki aliyevaa miwani.

Wapo wanaotangaza kuwa wamekipata.
Wiki mbili, tatu, kisha mtu afika ukurasa wa arobaini,
akuta tundu la sindano,
na shairi zima latoka pumzi.
Siwacheki. Ramadhani moja nilikuwa nacho mimi,
tangu daku hadi adhuhuri.
Nilitembea mpaka Makupa nikiwatazama watu
kama mtu aliyeficha dhahabu mdomoni.
Kwenye mzunguko, kati ya honi za malori, nikaona:
nilikuwa nimejikopesha kile kile
nilichodai nakilipa.
Nikarudi. Nikafuturu kwa tende na maji,
na maji, niseme kweli, yalikuwa matamu.

Sasa pipa limefika shingoni.
Bi Mwanamize amekwisha kuumua unga wa mahamri,
nasikia kifuniko chake.
Bomba lakohoa, laleta hewa, laleta kutu, lanyamaza.
Yamekatika? aita.
Sijui, bibi.
Wewe msomi wa maji, hujui?
Sijui.

Nafunga. Tone moja lakataa kuanguka.
Laning'inia mdomoni mwa chuma, lajaa taa ya ngazi,
lavutika, lafanya shingo,
na shingo yawa nyembamba, na bado nyembamba,
na kila nikidhani sasa