Hodi ya Saa Kumi na Mbili

Nabonyeza kengele mara moja, nangoja.
Ndivyo kanuni inavyotaka: ungoje, ubonyeze tena,
uandike dakika kwenye fomu kwa wino usiofutika.
Mtaa mzima wa Zottegem bado umefunga mapazia.
Mvua ya Machi, nyembamba, haina haraka ya kwenda popote.

Anafungua mama, Bi Godelieve, unga hadi viwikoni.
"Jorne amelala," anasema. Kisha analitazama begi langu
kama watu wanavyolitazama begi la mkunga
wasiyemwita.
"Haya, ingia. Kahawa ipo."

Damu inakuja upesi, damu haina haya.
Mkojo ndio unaogoma.
Jana kijana alipanda baiskeli kilomita mia mbili na sita,
mawe ya barabara yamemkamua kama nguo.
Ameketi na kaptura ya kulalia,
mapaja magogo ya mwaloni, mikono ya mtoto aliyetoka kuugua.
Anakunywa maji. Bilauri ya tatu. Ya nne.
Simwondoi machoni. Akifuata sukari, namfuata.
Akienda kumfungulia paka mlango, niko nyuma yake.
Ni utovu wa adabu, ila umeandikwa na kupigwa muhuri.

Naigeuza chupa ya damu kwenye taa ya jikoni
kana kwamba jicho lingejua kitu.
Halijui. Wekundu wa mwizi na wa mwaminifu
ni wekundu mmoja.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji.
Hawakusema nzito kiasi gani.
Kaka yangu Lieven alijua: hamsini na nane kwa mia,
miaka ile ambayo hakuna aliyepima.
Mapigo yakishuka chini ya thelathini
kipima moyo kililia kifuani, akaamka,
akaruka kamba sebuleni, peku, asituamshe.
Mimi niliamka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
nikidhani ile ni bidii.
Nilimhesabia: mia, mia mbili,
"haya, kalale, mdogo wangu."
Usiku mmoja kipima moyo kililia peke yake.
Damu ilikuwa uji.
Shada la daktari wa timu ndilo lililotangulia kufika.

Saa ya pili. Bi Godelieve anakanda unga, ananipa mgongo.
"Una watoto?"
"Nilikuwa na kaka."
Namtaja jina. Mikono inasimama ndani ya unga.
Huku kwetu majina ya wapanda baiskeli hayaozi.
"Yule wa Brakel?"
"Huyo."

Anafungua friji kuchukua siagi, na mimi,
Mungu anisamehe, nachungulia nyuma ya bega lake:
maziwa, haradali, jibini iliyoanza kukauka.
Ameniona.
Anauacha mlango wazi
muda mrefu kuliko siagi ilivyohitaji.
"Tazama vizuri," anasema.

Saa ya tatu na dakika kumi, Jorne anasimama ghafla.
Choo chao ni chembamba, tumebanana
chini ya kalenda ya parokia.
Shati kifuani, kaptura magotini, mikono wazi hadi kwenye kiwiko.
Anapiga mluzi kwa aibu, hauna wimbo.
Nami natazama, maana hii ndiyo kazi yangu,
kutazama mtoto wa mtu akikojoa,
na sijui kama namlinda au namwinda;
asubuhi nyingine yote mawili yanapanda gari moja nami.

Chupa ya kwanza, chupa ya pili. Vifuniko vinalia tka-tka-tka
hadi visiweze kurudi nyuma.
Wiki tatu hazitasema neno.

Mwisho wa fomu kuna mistari miwili mitupu:
mchezaji akiwa na la kuongeza, aandike.
Wengi hupiga msitari wakasaini.
Jorne anafikiri, ulimi umechomoza kama wa mwanafunzi,
anaandika kwa herufi kubwa:
MAMA AMEOKA MKATE. MKAGUZI HAKULA.