Lita Ishirini za Sabuni

Nilianza kwa methali, kama mwongozo ulivyotaka.
Niliiandika ubaoni, ukumbi wa kata, Mburahati,
saa tatu asubuhi, feni moja ikizunguka kwa kusitasita:
Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Wanawake arobaini na wawili wakainakili,
na Chausiku binti Shomvi, benchi la mbele,
akaipigia mstari mara mbili, kwa rula.

Kisha tukakoroga.
Salfoniki kwanza, halafu ungaroli, polepole,
mwiko uende upande mmoja, msirudi nyuma,
chumvi, glisarini, rangi ya kijani,
pafyumu ya limau mwishoni kabisa.
Povu likapanda hadi viwikoni. Walicheka.
Nami, kwa ile sauti yangu ya siku za semina:
"Kuanzia leo hapa hakuna asiye na ajira.
Hapa wapo wakurugenzi arobaini na wawili."
Nikasaini vyeti, nikasaini posho yangu,
soda zilipokwisha nikarudi Sinza.

Wiki ya pili mtaa mzima unauza sabuni.
Mama Tunu anamuuzia Mwajabu,
Mwajabu anamuuzia Sikitu,
Sikitu ana ndoo ya lita ishirini mlangoni,
anamsubiri Mama Tunu.
Bei ikashuka toka elfu mbili hadi mia saba,
toka mia saba hadi "chukua tu, utalipa."
Na bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Jumanne.

Hayo sikuyaona. Kwenye ripoti nilijaza
kisanduku cha biashara mpya: 42.
Hakukuwa na kisanduku cha wanunuzi.

Miaka minne baadaye mradi ukafungwa.
Afisa alinikabidhi barua, akaongeza na ushauri, bure:
"Wewe mbona ujuzi unao? Jiajiri."
Nikatoka na barua mfukoni, nikatembea,
miguu ikanifikisha Mburahati bila kuniuliza.

Chausiku alinikaribisha mkekani.
Ukutani, cheti changu, fremu ya dhahabu bandia,
sahihi yangu ikingali nyeusi.
Chini yake, sakafuni, alama nne,
pale miguu ya kitanda ilipokaa miaka yote.

"Kausha damu," alisema,
kama mtu anayetaja jina la jirani.
Laki tatu. Marejesho kila siku, hata siku ya msiba.
"Kijana aliyekuja kukibeba alikuwa na adabu, aliniamkia.
Alipokiona cheti akasema naye anacho,
ulimfundisha Kigogo.
Analipwa kwa kila anachokibeba."

Akanimiminia chai. Hakuwa na hasira;
ningefarijika angekuwa nayo.
"Mwalimu, ile methali yako.
Nimeinama. Nimeinama hadi kiuno kimesahau kunyooka.
Kitanda wamekichukua.
Sasa uvungu uko wapi?"

Nilikohoa. Nilitaka kutaja nidhamu ya fedha,
kutunza kumbukumbu, kujitofautisha sokoni,
ukurasa wa kumi na tisa.
Akanijia marehemu baba,
miaka ishirini na sita kiwanda cha nguo.
Hakuwa jasiri wa mali wala wa chochote,
aliogopa hata mbwa wa mlinzi.
Kengele ikilia saa tisa anavua ovaroli, anarudi,
na mwisho wa mwezi tunakula nyama.
Siku walipofunga geti kwa mnyororo
hakuna aliyemwambia amekosa ubunifu.
Neno hilo lilikuwa bado halijafika.
Nililileta mimi, baadaye, kwenye begi,
pamoja na kalamu za ubao.

Nikanywa chai. Nikasema tu, "Sijui uliko."
Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu
ambaye mwanafunzi wake amechelewa, ila amefika.

Wakati wa kuaga akanifungia chupa moja.
Nikauliza bei.
"Wengine mia saba," alisema.
"Wewe elfu mbili. Ile ya ubaoni."
Nikalipa.