Nifungie

Hoteli ya Nyafwono haikuwa na jina.
Ilikuwa na pazia la gunia la sukari
na moshi uliokupokea
kabla hujavuka reli.

Sisi wa kiwandani tulifika weupe
kama wafu waliochelewa kuzikwa,
saruji kwenye kope, saruji masikioni.
Alituzuia mlangoni kwa mwiko:
"Jikung'uteni huko. Mimi sipiki zege."

Saa saba, king'ora, Tororo yote ikanuka karanga.
Wa kukaa walikaa, mabenchi mawili, moja lachechemea.
Wa haraka tulisimama dirishani
tukisema neno moja tu:
nifungie.

Naye alifunga.
Jani la mgomba alilipitisha motoni kwanza,
likalegea, likang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride,
kisha ugali wa wimbi, mweusi, wa moto,
kisha magira yaliyoungwa kwa karanga,
kisha kamba ya mgomba, fundo moja.
Fundo lile vidole vyangu havikujifunza kulifunga.
Vilijua kulifungua.

Okiring wa mizani alifungiwa mawili kila siku.
"La pili la mbwa," alisema.
Tukacheka: mbwa gani huyo,
anayetaka pilipili iwekwe pembeni?
Alicheka nasi, akaondoka na joto lake kwapani
kwa njia isiyokwenda kwake.
Sikumwona mbwa huyo.
Wala sikuuliza mara ya pili.

Bei haikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni deni,
katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
na kwa kuwa Owor tulikuwa watatu
mimi niliandikwa Owor wa Magunia.

Kisha wakatupunguza.
Neno lao hilo, kama vile sisi ni chumvi.
Nikahamia Mbale, nikauza misumari,
nikala mchana nyuma ya kaunta,
chapati na maharage ndani ya kavera,
kavera linalotoa jasho kuliko mlaji.
Miaka kumi na tisa.

Juzi nimepita. Reli ipo, nyasi zimeikalia.
Pazia limekuwa kioo.
Vijana wa bodaboda wanangoja nje, masanduku mgongoni,
na simu inalia pale kilipokuwa kinalia king'ora.
Chipsi, kuku, vikasha vyeupe
vinavyolia kama chaki ukivigusa.
Kwenye kaunta, paji la uso la Nyafwono
juu ya uso wa msichana.

Nikamwambia: "Nina deni la mama yako."
Hakucheka.
Akaingia ndani, akakaa huko
muda wa kuiva yai,
akatoka na daftari.
Mafuta yalikuwa yamezifanya kurasa kuwa kioo;
ukisoma Jumatatu unaiona Jumanne ikisubiri chini yake.
"Owor wa Magunia," akasoma. "Mia sita."

Mia sita ya leo ni chapati isiyo na yai.
Nikatoa elfu kumi, nikasema iliyobaki kaa nayo, mwanangu.
Akanihesabia chenji. Elfu tisa na mia nne.
Sarafu ya mwisho akaisukuma kwa kidole cha kati,
namna ileile,
nikalazimika kutazama barabara kidogo.

"Na chupa moja ya soda," akasema.
"Chupa?"
"Haijarudi. Mama mwishoni alikuwa hakumbuki watu.
Chupa alizikumbuka."

Ninayo.
Ilikaa dirishani mwa jiko langu Mbale
miaka yote hiyo, imebeba mafuta ya taa.
Nimeisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limau,
na Ijumaa nitapanda gari nikiwa nimeipakata.
Nimeinusa tena sasa hivi.
Bado inanuka taa.