Barua kwa Kamati ya Maonyesho

Nimeipata barua yenu, na muhuri wake wa zambarau.
Dakika kumi jukwaani Mwahako, baada ya watu wa magodoro,
kabla ya ngoma. Laki nane, hairudishwi.

Mwaka juzi nilisimama pale.
Shati la kuazima, kipaza sauti kinakoroma,
nikasema: Idi hii mashine ya gemu itakuwa madukani.
Mkapiga makofi, nami nikayaamini.
Idi ikaja. Mashine iko mezani, tumbo wazi,
haijui hata kuwaka.
Akaja Mwanamvua wa barabara ya kumi na mbili,
noti kazifunga pindoni mwa kanga ya mama yake.
"Iko wapi?"
Kamati, nyinyi hamkuwepo.

Kwa laki nane napata vitufe vya mashine sitini
na risasi ya kulehemea hadi Mfungo Sita.

Siku hizi naiweka juu ya stuli, barazani hapa Ngamiani,
saa kumi, chuo kikitoka.
Wanagombea zamu. Wanaitukana.
Jana mmoja kaiangusha; nimejua pembe ipi dhaifu.
Makofi hakuna.
Mwanamvua, siku hizi ana miaka kumi na mitatu na hasamehe,
hubonyeza kitufe cha kushoto, hubonyeza, hubonyeza,
kisha hunirudishia: "Bado kinakwama."

Basi niwieni radhi. Dakika zangu wapeni wa magodoro,
wao bidhaa yao imekwisha kushonwa.
Bahasha yenu nimeikata vipande.
Kimoja nimekitia chini ya kitufe cha kushoto.
Tutajua saa kumi.